Jumamosi za Mwenye Triumph: Historia Fupi ya Oili Iliyovuja

Waendesha pikipiki wa Uingereza wana utani wao wa siku nyingi. Mwambie mwenye Triumph, BSA au Norton ya miaka ya 1960 kwamba pikipiki yake inadondosha oili, naye atakujibu kwamba hiyo ni habari njema: siku ikiacha kuvuja, ujue oili imekwisha. Wengine husema haivuji hata kidogo, inaweka tu alama ya mahali pake kama mbwa. Ukienda kwenye maonyesho ya pikipiki kuukuu huko kwao utakuta vibati vimetegwa chini ya injini, na wazee wamesimama kando na vikombe vya chai wakivitazama kwa upendo, kama mtu anavyomtazama mjukuu mtundu.

Naupenda utani huo, lakini siuamini. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma historia ya viwanda vya pikipiki vya Birmingham na Coventry, na majira ya baridi mwaka mmoja nilishika spana mwenyewe, nikimsaidia jirani kuifungua injini ya Triumph Bonneville ya 1966. Nilichokiona ni kwamba kila tone lina mahali linapotokea, kila mahali pana sababu, na nyuma ya sababu nyingi yupo mtu aliyekaa ofisini akaamua kwamba hivyo hivyo inatosha. Tunaposema "ndiyo tabia ya pikipiki za Waingereza", tunampa mtu huyo nafasi ya kuondoka bila kuulizwa.

Sisi wapenda vitabu tumezifahamu pikipiki hizi kwenye kurasa kabla ya kuziona kwa macho. T. E. Lawrence, yule wa vita vya Waarabu, alimiliki Brough Superior saba, moja baada ya nyingine, zilizotengenezwa Nottingham, na ajali ya ile ya mwisho ndiyo iliyomuua Mei 1935. Ernesto Guevara na rafiki yake Alberto Granado waliondoka Argentina mwanzoni mwa 1952 juu ya Norton ya 500 cc waliyoipa jina la La Poderosa, yaani Yenye Nguvu. Nguvu zenyewe ziliwafikisha Chile tu, zikaishia hapo, wakaendelea na safari kwa miguu na lifti za malori. (Ndiye Guevara huyohuyo aliyepitia Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea Kongo, ambako wapiganaji walimfahamu kwa jina la Kiswahili, Tatu.)

Halafu yupo Robert Pirsig, Mmarekani, ambaye kitabu chake cha 1974 kuhusu Zen na utunzaji wa pikipiki bado kinasomwa mpaka leo. Ndani ya kitabu haitaji chapa ya pikipiki yake mwenyewe. Tunajua ilikuwa Honda CB77, ya Kijapani, na sasa imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian. Mimi naona hilo lina maana yake. Kitabu mashuhuri kuliko vyote kuhusu kutunza pikipiki kiliandikwa na mtu ambaye injini yake ilimwachia nafasi ya kuwaza falsafa njiani. Angekuwa na Triumph, huenda sura kadhaa zingehusu matambara ya kufutia.

Sasa tuanze mwanzo. Zamani kuvuja hakukuwa kosa. Kwenye pikipiki za mwanzo wa karne ya 20, dereva alisukuma pampu ndogo kwa mkono kila baada ya mwendo fulani. Oili ikaingia ndani, ikalainisha vyuma, ikaungua au ikapenya kwenye mianya na kumwagikia barabarani. Haikurudi tena, wala haikutarajiwa kurudi. Baadaye ukaja mfumo wa mzunguko: tangi la oili likawekwa pembeni, na pampu ikawa na kazi mbili, kupeleka oili kwenye injini na kuirudisha tangini. Hapo ndipo tone lililoanguka chini likageuka hasara. Lakini mazoea ya watengenezaji na ya wanunuzi yalikuwa yamejengeka enzi za oili ya kumwagika, na mazoea hayaondoki kwa kuchora mchoro mpya.

Mwaka 1937 Edward Turner wa Triumph alitoa Speed Twin, pikipiki ya 500 cc yenye silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Ilikuwa nyepesi, nyembamba, ya kupendeza. Baada ya vita viwanda vingine vya Uingereza vikaufuata mtindo huo: BSA, Norton, Ariel, Matchless, Royal Enfield. Kiwanda cha Triumph kilichokuwa Coventry mjini kiliharibiwa kwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940, na mwaka 1942 kazi ikahamia kiwanda kipya nje kidogo ya mji, Meriden. Huko injini ya Turner ikakuzwa kutoka 500 hadi 650, ikapewa jina la Bonneville kwa msimu wa 1959, na mwisho ikafika 750. Kwa zaidi ya miaka 40 wazo lilikuwa lilelile, likiongezwa unene kama mtu anayepanua suti ya harusi mwaka baada ya mwaka.

Wazo hilo lilikuwa na mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Zikishuka, hewa iliyoko chini yake, kwenye tumbo la injini, inabanwa. Kwa injini ya 650 cc ni sawa na kupiga pampu ya baiskeli yenye ujazo wa zaidi ya nusu lita, mara elfu kadhaa kwa dakika. Hewa hiyo lazima itoke. Ukiipa tundu la kutosha, itatoka kwa amani. Ukiinyima, itatafuta penye udhaifu na kutoka na oili mkononi. Kupanda na kushuka huko kwa pamoja pia huleta mtetemo, na mtetemo hulegeza nati usiku na mchana.

Jambo la pili ni tumbo lenyewe. Waingereza walilitengeneza vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vikakutana katikati. Maana yake jointi inashuka hadi chini kabisa, mahali ambapo oili inapenda kulala. Honda walilikata tumbo la injini zao kwa mlalo, kama unavyofungua sanduku, jointi ikabaki juu ya usawa wa oili. Hata hivyo nisiwaonee Waingereza. Ducati nao walitengeneza injini za silinda moja zenye mpasuko wa wima. Mpasuko wa wima haulazimishi kuvuja. Unalazimisha tu kwamba nyuso mbili zinazokutana zichongwe sawasawa, na hapo ndipo penye hadithi yetu.

Jirani niliyemtaja ni Singasinga mzaliwa wa Nairobi. Alihamia Birmingham mwaka 1968, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakiwahi kuingia Uingereza kabla mlango haujafungwa. Kiswahili chake ni kile cha gereji za Nairobi, hakijabadilika tangu apande ndege. Aliniita kijana ingawa nina mvi, nami nikamwita Mzee, na kazi ikaenda.

"Kwanza osha," aliniambia siku ya kwanza. "Injini chafu iko na uongo mingi."

Tukaiosha kwa mafuta ya taa mpaka alumini ikang'aa, tukaikausha, tukaipaka poda ya mtoto, tukaiwasha, tukaizungusha mtaani kwa dakika kumi. Poda ndiyo shahidi. Upepo wa mwendo huisukuma oili nyuma na chini, kwa hiyo mahali inapodondokea si mahali inapotokea. Kwenye poda unaona mstari mweusi, unaufuata kwenda juu hadi chanzo chake. Sisi tuliona vyanzo vinne: vifuniko vya juu vya kurekebishia vali, mabomba mawili ya fimbo za vali, mfuniko wa cheni upande wa kushoto, na ile jointi ya chini.

Nilidhani tutaanza kubadilisha gasketi. Mzee hakugusa hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la kupumulia. Kwenye Bonneville ya mwaka ule tumbo la injini hupumua kupitia kisahani kinachozungushwa na ncha ya kamshafti ya vali za kuingizia, kikifunguka wakati pistoni zinaposhuka. Kisahani kilikuwa kizima, lakini mmiliki fulani wa zamani alikuwa amefunga mpira mwembamba mno, tena umekunjwa nyuma ya tangi. "Ukiziba mtu pua," alisema Mzee, "atapumua na masikio." Tukaweka mpira mpana ulionyooka. Uvujaji ukapungua karibu nusu kabla hatujafungua hata bolti moja.

Kisha tukaenda kwenye pampu. Pikipiki hizi zikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, oili hushuka polepole kutoka tangini, ikapita kwenye pampu na kujaa tumboni. Kazi ya kuizuia ni ya kigololi kidogo cha chuma kinachokaa juu ya tundu kikibanwa na springi. Uchafu mdogo tu ukikaa chini yake, hakizibi tena. Siku ukija kuiwasha, injini inakuta tumbo limejaa, inaitapika oili kila upande, na mwenye mali anaamini gasketi zote zimekufa. Mzee alisafisha tundu, akaweka kigololi, akakigonga kidogo sana kwa kipande cha shaba ili kikae kitako sawasawa, akabadilisha springi. Tukaijaza oili tangini, tukaweka alama ya usawa wake, tukaenda kulala. Baada ya siku tatu alama ilikuwa palepale.

Nyuso za jointi ndizo zilizotumaliza. Vifuniko vya alumini vilikuwa vimekazwa kwa nguvu na watu wengi kwa miaka mingi, mpaka kila tundu la skrubu limeinuka kama kichuguu. Dawa yake ni kioo kinene cha dirisha, msasa uliolazwa juu yake na mikono miwili. Unachora mistari ya kalamu ya bluu kwenye uso wa mfuniko, unausugua kwa mwendo wa namba 8, unautazama. Mistari ikifutika yote kwa wakati mmoja, uso umenyooka. Ikibaki mingine, unaendelea. Gundi tulipaka kidogo sana, kwa kidole, kwa sababu ile inayobanwa ikaingia ndani hukatika vipande na kwenda kuziba njia za oili. Watu wengi wameua injini wakijaribu kuziba doa la sakafuni.

Mwisho yale mabomba mawili yanayong'aa, moja mbele na moja nyuma ya silinda, yanayozificha fimbo za vali. Kila moja lina mpira juu na mpira chini, na kichwa cha silinda ndicho kinachoibana. Mipira ikiwa mizito kupita kiasi, kichwa kinakalia mabomba badala ya kukalia silinda, na moto unapita kwenye gasketi. Ikiwa myembamba, oili inachuruzika. Tulifunga, tukapima nafasi, tukafungua, tukabadilisha mpira, tukapima tena. Gasketi ya shaba nyekundu Mzee aliipasha moto hadi ikawa nyekundu kama kaa, kwa sababu shaba ikibanwa mara moja hugumu, na bila moto hailainiki tena.

Kazi hiyo ilichukua Jumamosi saba. Ya nane tulikwenda nayo hadi Coventry na kurudi, tukatandika gazeti chini yake usiku kucha. Asubuhi lilikuwa na doa moja, la ukubwa wa punje ya mchele.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Kioo cha dirisha, msasa, kalamu, moto na subira: hakuna hata kimoja ambacho hakikuwepo mwaka 1966. Kama wazee wawili kwenye banda la nyuma ya nyumba waliweza kuikausha injini ile, kiwanda kikubwa kiliweza zaidi. Kilichokosekana ni muda. Kunyoosha uso, kupima kila bomba, kuchagua mpira unaofaa, hayo yote ni dakika, na dakika kiwandani ni pesa. Wenye kiwanda wakaziokoa. Dakika walizoziokoa hazikupotea hewani, zilikwenda kulipwa na mnunuzi, nyumbani kwake, siku ya mapumziko, kwa matambara na spana zake mwenyewe. Nilipomwambia Mzee wazo hili alitikisa kichwa. "Nairobi ukipatia mteja kitu inavuja hivi, atarudi na polisi. Hapa anarudi na chai."

Na si kwamba wakubwa hawakuambiwa. Mwaka 1960 Turner mwenyewe, akiwa kiongozi ndani ya kundi la BSA lililokuwa limeinunua Triumph tangu 1951, alikwenda Japani. Alitembelea viwanda vya Honda, Suzuki na Yamaha, akarudi akaandika taarifa kwa wakurugenzi. Aliyaona mashine mapya, wingi wa uzalishaji na umakini wa kazi, na hakuficha kwamba yalimshangaza. Taarifa ikasomwa. Meriden wakaendelea kupanua suti ya harusi.

Mwaka 1968 BSA na Triumph walitoa pikipiki za silinda tatu, Rocket 3 na Trident, zenye mbio kwelikweli, lakini zenye fimbo za vali vilevile, tumbo la mipasuko ya wima vilevile, na za kuwashwa kwa teke. Mwaka uliofuata Honda wakaleta CB750: silinda nne, kamshafti juu ya kichwa, breki ya diski mbele, na kitufe cha kuwashia. Wapenzi wa Triumph walisema haina roho. Inawezekana. Lakini ilimruhusu mtu asiye na banda, asiye na spana, asiye na Jumamosi, naye awe na pikipiki kubwa. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko wale wenye mabanda, na utani wa oili haukuwahi kuwahusu.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Kundi la BSA liliporomoka, na mwaka 1973 mabaki yake yakaunganishwa na Norton kuwa Norton Villiers Triumph. Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba Meriden itafungwa. Wafanyakazi wakakataa, wakalizuia geti, pikipiki zilizokwisha kutengenezwa zikabaki ndani. Walikaa hapo kwa kupokezana, mvua na baridi, hadi 1975 walipokubaliwa kukiendesha kiwanda kama ushirika wao, wakisaidiwa na waziri Tony Benn na fedha za serikali karibu pauni milioni 5. Mwaka huohuo washauri wa Boston Consulting Group waliikabidhi serikali taarifa yao: wenye viwanda walikuwa wakifukuzia faida ya karibu, na kila Wajapani walipoingia kwenye aina fulani ya pikipiki, wao walirudi nyuma na kukimbilia nyingine kubwa zaidi, mpaka ukuta ukawazuia. Bert Hopwood, mhandisi aliyefanya kazi karibu viwanda vyote hivi, aliandika kitabu mwaka 1981 akiwalaumu viongozi hao hao. Ushirika wa Meriden ulitengeneza Bonneville kwa mashine za zamani hadi 1983, ukafa.

Kinachoniudhi katika ule utani ni kwamba unamwangukia mtu asiyehusika. Ukisema "pikipiki za Waingereza zinavuja", msikilizaji anamwona mfanyakazi mzembe mwenye kikombe cha chai. Hamwoni mkurugenzi aliyekataa kununua mashine mpya. Mfanyakazi hawezi kunyoosha uso wa alumini kwa mashine iliyochakaa, hata awe fundi wa namna gani. Ukitaka uthibitisho, tazama kilichotokea baadaye. Tajiri wa ujenzi John Bloor alilinunua jina la Triumph mwaka 1983, watu wake wakaenda kuviangalia viwanda vya Japani, akajenga kiwanda kipya Hinckley, umbali mfupi kutoka Meriden, na kuanzia 1991 pikipiki mpya zikatoka. Jina lilikuwa lilelile, mikono ilikuwa ya Waingereza walewale, na chini yake pakabaki pakavu.

Sisemi Jumamosi zile zilikuwa bure. Wale wazee wa kwenye maonyesho wanazijua injini zao kuliko wengi wetu tunavyojua chochote tunachomiliki, na ujuzi huo waliupata kwa kupiga magoti mbele ya doa. Urafiki mwingi umezaliwa hapo, wangu na Mzee ukiwa mmojawapo. Lakini zawadi ni kitu mtu anachokupa kwa kutaka. Hakuna mkurugenzi yeyote aliyekusudia kutupa urafiki, alikusudia kupunguza gharama, na sisi tukajitengenezea urafiki kutokana na kilichobaki.

Kiwanda cha Meriden kilibomolewa, mahali pake zikajengwa nyumba, na mtaa mmojawapo ukaitwa Bonneville Close. Utani wacha uendelee, watu wacheke. Ila ukisimuliwa tena habari za pikipiki inayoweka alama kama mbwa, ulizia pia habari za wale waliosimama getini kuanzia Septemba 1973, wakililinda jina ambalo wengine walikuwa wameliacha livuje.